Wiki Nyanya Alipokuja Kuikagua Shule ya Mama

Machi iliyopita nilikwenda Grand Prairie, Texas, kumsaidia mama kufungasha. Wameuza nyumba, yeye na baba, na kama ilivyo kawaida ya wazazi wetu walikuwa wameniapia kwamba kila kitu kimeshafungwa isipokuwa vitu vidogo vidogo. Hivyo vidogo vidogo vilijaza gereji. Mimi nikapewa kazi ya kung'oa kichaka kilichokauka karibu na mlango wa mbele, kwa sababu mama hakutaka mnunuzi akute kitu kimekufa mlangoni pake. Koleo likagonga jiwe. Nikaliokota, nikafuta udongo kwa kidole gumba, na chini ya uchafu kulikuwa na rangi nyeupe.

Nikaketi pale pale kwenye nyasi. Mama alichungulia dirishani akauliza kama nimeumia. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nacheka, na ukitaka kujua kwa nini, vuta kiti nikueleze.

Wewe uliyesoma Kenya hutahitaji maelezo marefu. Shule ikipata habari kwamba mkaguzi anakuja, kitu cha kwanza kununuliwa si vitabu, ni chokaa. Watoto wanatolewa madarasani, wanapanga mawe kando ya njia kutoka getini hadi ofisi ya mwalimu mkuu, na mawe yanapakwa mpaka yawe meupe pe. Nani alimwambia nani kwamba wakaguzi wanapenda mawe meupe, hakuna ajuaye. Lakini shule isiyopaka mawe ni shule inayotafuta balaa. Mama yangu alisoma shule ya namna hiyo, na baba pia. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Texas, na shule yetu ilikuwa meza ya kulia chakula.

Mama ni muuguzi. Miaka ile alifanya kazi usiku wa wikendi katika hospitali moja upande wa Fort Worth, ili siku za wiki awe wetu. Jumatatu asubuhi alifika nyumbani na viatu mkononi, akatuuliza kama tumekula, akaenda kulala. Sisi tulijua kazi zetu. Kaka aliosha sufuria ya uji iliyoganda chini, mimi nilikunja nguo zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado na joto, na hakuna aliyethubutu kukohoa kwenye korido. Mama akiamka alikunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama, akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko mara moja, na hapo shule imefunguliwa.

Ilikuwa shule nzuri, nasema bila kuona haya. Sehemu za hesabu, nusu na robo, tulijifunza kwa chapati, na ukikosea robo, ndiyo hiyo robo unayokula. Tulikwenda maktaba siku ambazo watoto wengine wako darasani, tukajichagulia viti tunavyotaka. Historia mama alitusomea huku akinisuka nywele, ndiyo maana mpaka leo nikisikia habari za marais wa kale kichwa kinaniuma upande wa kushoto. Alasiri tulilala chini kwenye zulia, mmoja anachora ramani na mwingine anasikiliza, na nje malori ya maghala yananguruma kuelekea Dallas.

Ila mimi sikujua kusoma. Nilikuwa na miaka tisa, na herufi nilizijua moja moja, kama unavyowajua watu wa kanisani. Zikikusanyika pamoja sikumtambua hata mmoja. Nilikuwa nimeanza katika shule ya jirani, nikakaa huko darasa la kwanza lote na kidogo zaidi. Mwalimu wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na mimi nilijifunza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yangu ya kusoma ilipokaribia. Siku mama alipogundua kwamba nawajua vizuri zaidi sisimizi wa choo kile kuliko herufi za jina langu, alinitoa. Kaka naye akatoka, kwa wivu tu, maana yeye alisoma chochote alichokiona, hata maandishi ya nyuma ya dawa ya meno.

Baba hakupenda. Alikuwa na kazi ya ofisini kwenye ghala moja, na kila siku wenzake wa kazi walimuuliza watoto wako shule gani. "Hatukuvuka bahari ili watoto wasomee jikoni," alisema.

"Si jikoni," mama alijibu. "Ni mezani."

Mabishano yao yalikuwa hivyo, mafupi na ya kurudiwa rudiwa, mpaka visa ya nyanya ilipotoka. Nyanya, mama yake baba, alikuwa mwalimu mkuu huko nyumbani mpaka alipostaafu. Mimi nimebeba jina lake kwa desturi yetu, kwa hiyo hakuniita kwa jina; aliniita wajina. Angekuja Machi, kwenye wiki ile ambayo shule zote za hapa hufungwa, spring break. Baba akaona njia. Jioni moja aliweka kijiko chini akasema: mama yangu amefundisha maisha yake yote, tumwachie yeye aamue. Akisema watoto wanasoma, mimi sitafungua mdomo tena. Akisema hawasomi, wiki ikiisha wanaingia shule ya jirani, wote wawili.

Mama alikubali haraka mno, kama mtu anayejua kwamba akifikiri kidogo atakataa. Mimi nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nakiona kile choo, na wale sisimizi.

Basi mwaka ule shule yetu haikufungwa. Mama alitangaza kwamba hakuna mapumziko, na usimfikirie vibaya, alikuwa anapigania kitu. Alibandika ratiba ukutani yenye kengele na vipindi ambavyo hatukuwahi kuvisikia. Alitununulia sweta za bluu, na joto la Texas ndilo hilo lilikuwa linaanza. Kaka aliteuliwa kiranja. Tulifundishwa kusimama mgeni akiingia, na kuimba salamu kwa pamoja, tukivuta maneno kama wenzetu wa Kenya wanavyoyavuta. Kisha Jumamosi mama akarudi kutoka dukani na mawe kwenye buti la gari. Baba hakuamini kwamba kuna nchi ambako mawe yanauzwa. Tukayapanga kutoka barabarani hadi mlangoni, tukayapaka rangi nyeupe kwa brashi za jikoni, na jirani yetu akasimama na mbwa wake kwa muda mrefu akitutazama.

"What are they for?" kaka aliuliza.

"Ya mgeni," mama alisema. "Paka na huku chini."

Tatizo lililobaki lilikuwa mimi. Mama na kaka walichagua hadithi fupi kutoka kwenye kitabu chetu kimoja, ya chura aliyepoteza kofia yake bwawani. Kaka aliisoma, mimi nikairudia, tena na tena, tukioga, tukila, tukipaka mawe, mpaka nikaijua yote kwa moyo. Mama alinionyesha mahali pa kugeuza ukurasa. Shuleni kwao walifanya hivyo hivyo. Somo la mkaguzi lilifanyiwa mazoezi wiki nzima, na kila mtoto alijua swali lake. Mama hakuliona jambo hilo kuwa udanganyifu. Aliliona kuwa matayarisho.

Nyanya alifika na koti zito, begi lililojaa majani ya chai, na macho ambayo yalikuwa yamezoea kuhesabu watoto. Alishuka kwenye gari, akanyoosha mgongo, akaangalia mawe. Aliyafuata kwa macho moja baada ya jingine mpaka mlangoni.

"Na hapa anakuja nani?" akauliza.

Baba alijifanya anahangaika na begi. Nyanya akatembea katikati ya mawe taratibu, mikono nyuma, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi mama hakulala. Alitoka kazini, akabadilisha nguo, akagonga kifuniko cha sufuria. Tulikuwa na gwaride kwenye gereji, mimi na kaka, mstari wa watu wawili. Tukaimba. Tukaingia mezani, nyanya akakaa kwenye kona na kikombe chake. Kaka akafanya hesabu bila kosa na kujibu mambo ya sayari kwa sauti ya mtangazaji. Kisha zamu yangu ikafika, nikasimama na kitabu, nikakisoma kile kisa cha chura kuanzia juu hadi chini bila kukwama, nikageuza ukurasa mahali penyewe. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Nyanya aliinuka, akaja nyuma yangu, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Wajina, hili neno ni lipi?"

Nikaanza upya tangu mwanzo wa ukurasa, kimya kimya, midomo ikicheza, nikikimbia kufika hapo alipoweka kidole. Ndivyo ilivyo kwa jambo ulilolikariri, huwezi kuingilia katikati; lazima upitie mlangoni. Nyanya alisubiri. Mwishowe nikasema neno, na halikuwa lenyewe.

"Vizuri," alisema. "Kaa chini."

Sijawahi kusikia "vizuri" nzito namna ile. Alirudi kwenye kona yake, akamalizia chai, akatazama dirishani ambako watoto wa mtaa walikuwa wanapita na baiskeli. Akauliza mbona watoto wale hawako shuleni. Mama akamweleza kwamba shule zote zimefungwa wiki hii, lakini sisi tunaendelea kwa sababu yake.

"Mkaguzi hakagui shule iliyofungwa," nyanya alisema. "Fungeni shule. Watoto watoke nje."

Tulivua sweta tukiwa tunakimbia. Lakini nilipopita jikoni kuchukua maji nilimkuta mama ameegemea sinki, mgongo kwangu. Aliposikia hatua zangu alifungulia bomba, akaosha kikombe kilichokuwa safi. "Tutajaribu tena," alisema bila kugeuka. "Hata ikibidi mpaka uwe bibi harusi, tutajaribu tena." Nilimpenda mama yangu siku ile kwa namna iliyouma.

Siku ile na kesho yake zilikuwa tamu na chungu pamoja. Upepo wa Machi ulikuwa mkali, tukarusha tiara bustanini na nyanya akaushika uzi kwa mikono yote miwili, koti lake likipepea. Baba alichoma nyama nyuma ya nyumba. Tulikula maandazi asubuhi na mchana. Na muda wote huo nyanya hakusema neno juu ya shule. Baba alijaribu kumuuliza mara moja, akaambiwa apunguze moto, nyama inaungua.

Jumatano tukaenda Houston. Huko nyumbani shule zikifungwa watoto hupelekwa kwa jamaa, na jamaa wetu pekee Texas nzima alikuwa shangazi, mdogo wake baba, aliyekuwa anasomea uuguzi huko na kuishi mtaa wa Gulfton. Tulipita mashamba, ng'ombe, na maua ya buluu yaliyoanza kuchipua kando ya barabara kuu. Nyanya alikaa mbele akila njugu. Shangazi alitupokea kwenye uwanja wa magari akiwa na sare ya kazi, akamkumbatia mama yake mpaka kofia ya nyanya ikaanguka.

Gulfton ilikuwa dunia nyingine kwetu. Kwetu Grand Prairie kila mtu aliishi na gari lake na ukimya wake. Hapa kulikuwa na maghorofa ya matofali yanayotazamana, nguo kwenye reli za ngazi, mipira, redio za lugha ambazo sikuzijua, harufu ya vitunguu kutoka kila mlango. Jirani wa chini wa shangazi alikuwa mama mmoja Mkongomani, aliyefika na watoto wake baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi. Alifanya kazi ya kutunza wazee. Aliposikia nyanya akizungumza Kiswahili alipanda ngazi na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kabla hatujamaliza kushusha mizigo, na wakaanza kusalimiana salamu ambayo ilichukua muda wa mlo mzima, kila mmoja akikishangaa Kiswahili cha mwenzake.

Kesho yake mchana wazazi wangu na shangazi walikwenda sokoni. Kaka alikuwa chini na mpira. Mimi nilibaki na nyanya, na hapo yule mama jirani akaja na katoni ya keki mkononi, ile ya unga uliochanganywa tayari. Mtoto wake mdogo alikuwa anatimiza mwaka mmoja zaidi siku ile, na alikuwa amemwahidi keki kama ya dukani, lakini itengenezwe nyumbani.

"Bibi, munisaidie," alisema. "Hii gâteau iko nasema nini hapa nyuma? Mimi Kingereza ya kusema najua kidogo. Ya kusoma, hapana."

Nyanya alipapasa kifua chake, akapapasa mfuko wa koti. "Miwani yangu nimeiacha Grand Prairie," alisema. "Wajina atakusomea."

Tulishuka jikoni kwake. Kulikuwa na joto, na watoto wake watatu wadogo walijipanga ukutani kama waliokuja kutazama sinema. Nilishika ile katoni. Hakukuwa na kaka wa kuninong'oneza, wala mama wa kunipa silabi ya kwanza. Nikamwambia nyanya kwa Kiingereza kwamba siwezi. Akajifanya hasikii Kiingereza.

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nikalisema herufi moja moja, nikaziunganisha, zikakataa, nikaziunganisha tena. Lilikuwa linahusu jiko. Mama jirani akawasha jiko. Neno la pili, la tatu. Jasho lilinitoka. Nyanya alifungua mkoba wake kutoa kitambaa anifute, na humo ndani, juu ya Biblia yake, niliona miwani. Yeye aliona kwamba nimeiona. Ningeweza kusema, na mambo yangeisha hapo hapo. Lakini nilikuwa tayari nimefika kwenye mayai, mama jirani ameshavunja la kwanza, na nilitaka kuimaliza ile katoni kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nikarudisha macho kwenye maandishi.

"Soma polepole, mutoto," mama jirani alisema. "Sisi tuko hapa tu. Hatuna fasi ya kwenda."

Kulikuwa na neno "until" ambalo nilipigana nalo mpaka mtoto mdogo wa ukutani akasinzia. Katikati ya mapambano hayo wazazi wangu walirudi. Nilisikia mifuko ikiwekwa chini mlangoni. Mama alivuta pumzi ya kunisaidia, namjua, silabi ilikuwa tayari kwenye ulimi wake, na nyanya akainua mkono bila kugeuka, kama anavyoinua mwalimu mkuu kwenye gwaride. Mama akanyamaza. Baba alisimama nyuma yake. Wakasubiri wote, jikoni mwa watu, na mimi nikalimaliza lile neno, na sentensi, na katoni nzima.

Keki ilibonyea katikati, kwa sababu mama jirani alifungua jiko kila dakika kuona kama inaumuka. Watoto waliila ikiwa bado ya moto, mpaka makombo. Tulikaa kwenye ngazi za nje, jua likiwa bado juu ya mapaa, na baba akaona ni wakati. Aliuliza kwa heshima. "Mama, wiki inakwisha. Umewaona watoto. Tufanyeje?"

Nyanya alipangusa vidole vyake. Hakuniambia niondoke, na wazazi wetu kwa kawaida hutuondoa mambo kama hayo yakianza.

"Mimi nimefundisha madarasa ya watoto sabini," alisema. "Na kila mwaka alikuwepo mmoja kama huyu. Mwerevu, mtiifu, lakini herufi zinamkimbia. Unajua nilimfanyia nini? Nilimpa kazi ya kufuta ubao. Nilikuwa na wengine sitini na tisa, na mtihani unakuja. Nikamweka mbele afute ubao, na akaufuta vizuri, na mimi nikajisifu kwamba nimempa kazi ya heshima. Nimetoa wafuta ubao wengi sana, mwanangu."

Baba alitazama viatu vyake.

"Leo nimemsubiri mtoto mmoja asome katoni moja, kwa muda ambao ningemaliza somo zima. Na hakuna aliyekufa. Huyu mtoto ana mwalimu wake peke yake, na wewe unataka kumpeleka akapange foleni?" Kisha akamgeukia mama, ambaye tayari alikuwa anafuta macho, akamnyooshea kidole. "Na wewe. Usimfundishe tena kukariri. Mawe tulipaka kwa sababu tulimwogopa mkaguzi. Wewe unamwogopa nani nyumbani kwako? Asome vibaya, lakini asome."

"Ndiyo, Mama," mama alisema.

"Nime-hear," baba alisema kwa ule mchanganyiko wake wa ofisini, na kaka akacheka mpaka akakohoa makombo.

Naweza kukuambia kwamba baba alibadilika kwa maneno yale, lakini kwa kweli alibadilika barabarani, siku ya kurudi. Nyanya aliamuru kwamba nisome mabango yote kutoka Houston hadi nyumbani na mtu yeyote asinisaidie. Tatizo la mabango ni kwamba yanapita. Nilikuwa nafika silabi ya pili, bango limeshakuwa nyuma. Nikalia kwa hasira. Baba aliwasha taa ya pembeni, akahamia kwenye njia ya kulia kabisa, akapunguza mwendo. Malori yakatupigia honi. Gari dogo likatupita, dereva wake akatuonyesha ishara ambayo nyanya aliitikia kwa kupunga mkono. Baba aliendelea hivyo hivyo, taa zikimetameta, shingo yake imekaza, na kila bango lilipotokea alipunguza tena kidogo. Nilisoma la mawakili, la soseji, la kanisa. Tulifika nyumbani saa ambayo chakula kilikuwa kimeshapoa mezani kwa watu wengine wote, na baba alishuka akasema mgongo unamuuma, tena kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Haikuwa muujiza. Ilinichukua zaidi ya mwaka kusoma kitabu kizima, na mpaka leo nikiwa na haraka maneno hunigeuka. Mama alinifundisha kila siku ya wiki akiwa na usingizi machoni, bila kukariri, na hakuna wiki aliyokosa. Kaka alikatazwa kunisaidia, adhabu ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Na kila Machi shule yetu ilifungwa sawasawa, sweta zikabaki kabatini mpaka zikatubana.

Sasa hakuna kilichobaki mahali pake. Nyumba ina wenyewe wengine, na wamepanda waridi mlangoni. Meza ile mama aliigawa kanisani. Shangazi ni muuguzi mji mwingine, na yule mama jirani alihamia kwa mwanawe, sikumbuki hata nilimuaga vipi. Watoto wanaosomea nyumbani siku hizi wana skrini zinazowasomea kila neno wakiligusa. Ni vizuri, siwaonei gere. Lakini najiuliza nani anawasubiri.

Nyanya alifariki nikiwa chuoni. Tulisafiri sote wanne. Kwetu, wasifu wa marehemu husomwa na mjukuu mbele ya waombolezaji, na wazee wa familia walikuwa wameshampanga kaka, kwa sababu anasoma kwa sauti nzuri na haraka, na watu wametoka mbali. Baba akawaambia hapana, atasoma wajina wake. Mmoja wao akamnong'oneza, mtoto huyu si anakwama akisoma? Baba akasema watu watasubiri.

Nikasimama chini ya hema, kwenye jua lile la saa sita, viti vya plastiki vimejaa mpaka barabarani. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nilikwama kwenye jina la kijiji alichozaliwa, nikakwama kwenye majina ya shule alizofundisha, na kila nilipokwama palikuwa kimya, hata watoto wachanga walinyamaza. Nilimwona mama kwenye safu ya mbele, midomo ameibana. Hakunipa hata silabi moja. Nikausoma wote, neno kwa neno, mpaka mwisho.